Ngozi Haitaki Mambo Mengi

Chungulia rafu ya bafuni kwako, au ule mfuko unaoning'inia nyuma ya mlango wa chumba, utoe kila kitu kinachopakwa mwilini. Kuna sabuni ya kuogea, sabuni nyingine ya "kung'arisha", losheni, krimu ya uso, kopo la mafuta ya mgando, kichupa ambacho lebo yake imefutika, na tyubu iliyobaki tangu muwasho wa mwaka jana. Kwa maoni yangu, ngozi nyingi za mjini zinaumwa kwa wingi wa vitu vinavyopakwa kuliko kwa upungufu wake. Kwa hiyo usitarajie hapa orodha ya vitu vya kununua. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kukuomba uache kitu fulani.

Kwanza ujue unachokitunza. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni chembe zilizokufa, zimebanana, na katikati yake mna mafuta yanayozuia maji ya mwilini yasitoke na vijidudu visiingie. Tabaka hilo hujifanya upya lenyewe kwa muda wa wiki nne hivi, tangu chembe zinapozaliwa chini hadi zinapopukutika juu. Lina tindikali kidogo: kipimo chake cha pH ni karibu na 5, ilhali sabuni ya kawaida ya kipande huwa kati ya 9 na 10. Kila unapojipaka povu unaondoa jasho na uchafu, na papo hapo unaondoa sehemu ya yale mafuta ya ulinzi. Ngozi huyarudisha ikipewa nafasi. Isipopewa, hukauka, hupauka, huwasha. Mtu anaanza kujikuna, na hapo ndipo tyubu ya kwanza inaponunuliwa.

Kuoga

Anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja hana haja ya kuulizwa kwa nini anaoga mara mbili kwa siku. Joto lenyewe linamjibia. Oga tu, ila mwili mzima hauhitaji povu kila mara. Sabuni ipeleke kwapani, kinenani, makalioni, kwenye nyayo na popote penye uchafu au grisi inayoonekana. Mikono, tumbo, mgongo na mapaja, mara moja kwa siku kwa sabuni inatosha kabisa, na ile mara ya pili maji matupu yanafanya kazi. Wenye ngozi kavu au ukurutu wapunguze hata zaidi ya hapo.

Sabuni ya mche ibaki ya kufulia. Ya unga ndiyo kabisa isiguse mwili, ingawa najua nyumba ambamo ya kuogea ikiisha katikati ya mwezi, ya unga ndiyo inayookoa jahazi. Afadhali uoge kwa maji peke yake siku mbili hizo. Vilevile ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye ndoo mpaka maji yanakuwa meupe: ngozi isiyo na jeraha haiihitaji, na wanaozidisha kipimo huishia kuungua kinenani na katikati ya mapaja. Mtoto mchanga usimtilie hata tone.

Dodoki ni zuri kwa mgongo na visigino, mara moja au mbili kwa wiki, kwa mkono mwepesi. Usoni lisifike. Ukimaliza lisuuze, likamue, ulianike juani. Dodoki linaloshinda limelowa bafuni linafuga vijidudu, na kesho yake unajisugua navyo. Taulo nayo kila mtu awe na yake. Choa, upele na majipu hupita kwenye taulo la familia kirahisi sana.

Wanaotegemea maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo kwenye mitaa mingi ya Dar es Salaam, wana kero yao ya pekee. Povu halitoki, mtu anaongeza sabuni, na mabaki yake hubaki mwilini kama utando unaovuta ngozi ukikauka. Tumia sabuni kidogo kuliko unavyotamani, kisha weka kando kopo mbili tatu za maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya kujisuuza mwishoni. Na ninyi wa Iringa, Njombe, Arusha na Limuru mnaooga maji ya kutoa mvuke: joto kali linayeyusha yale mafuta ya ulinzi. Maji yawe ya uvuguvugu, na usikae nayo muda mrefu.

Kujikausha kuna mahali pake pa kusisitiza: katikati ya vidole vya miguu, kinenani, chini ya matiti, kwenye mikunjo ya tumbo. Fangasi hupenda unyevu uliojificha. Bonyeza kwa taulo badala ya kusugua.

Mafuta: wakati na kiasi

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pengine pote, na gharama yake ni ndogo. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yaliyopo yasiruke. Ndiyo maana saa ya kupaka ina maana kuliko jina lililo kwenye kopo. Mtu anayeoga, akavaa kanga, akapika chai, akaandaa watoto wa shule, halafu ndipo akajipaka, amechelewa: maji yameshakauka, na anachofungia ni ukavu. Paka ndani ya dakika chache baada ya kutoka bafuni, mwili ukiwa bado na unyevunyevu. Chota mafuta ya mgando kiasi cha kunde, yasugue kwa viganja mpaka yalainike na kung'aa, kisha yapitishe kwenye miundi, magoti, viwiko na mikono kuelekea yanakolala malaika. Yakizidi utayaona yanateleza juu. Yakitosha, ngozi inang'aa kidogo na nguo haishiki doa.

Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ndiyo ya bei nafuu na ndiyo ninayoyatetea. Hayawashi, hayaharibiki upesi, na hayadai kufanya miujiza. Ila yafuate majira. Wakati wa kaskazi, jua la Januari likiwaka na shuka linalowa jasho usiku, mafuta mazito huziba vitundu vya jasho, na harara humjaa mtoto shingoni na mgongoni. Miezi hiyo hamia kwenye losheni nyepesi, au paka miguuni na mikononi tu. Kipupwe kikiingia, midomo ikaanza kupasuka na miundi ikachorwa mistari myeupe, rudi kwenye mgando.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mwili na kwa watoto wengi wenye ngozi kavu, lakini usoni kwa mwenye chunusi yanaziba. Mafuta ya ufuta, ya ubuyu au ya alizeti, tumia yanayokukubali. Kuhusu liwa, ile iliyosagwa kwenye msio na kuchanganywa na marashi, sina ugomvi nayo. Ni raha na ni urithi. Kama ngozi yako haiwashi baada ya kuipaka, endelea. Mwenye ukurutu ajaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani, asubiri siku mbili, kwani chochote chenye harufu nzuri kinaweza kumchokoza.

Magaga yana dawa yake, nayo ni subira. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, sugua visigino kwa jiwe taratibu, kausha, paka mgando mzito au krimu yenye yurea, vaa soksi ulale. Rudia kila usiku mpaka mipasuko ifunge, kisha mara mbili kwa wiki. Usikate kwa wembe. Mwenye kisukari asisugue kwa jiwe wala asiloweke miguu: mguu wake unaweza kuwa na ganzi asiyoijua, na kidonda kidogo cha kisigino kimewapeleka wengi kukatwa mguu. Yeye akague nyayo zake kila jioni, apake mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole, na mipasuko aionyeshe kliniki.

Wanaofua, wanaoosha vyombo vya watu, wanaosafisha samaki na wasusi wanaoshinda na dawa za nywele huanza kupasukia mikononi, hasa chini ya pete. Vua pete kabla ya kazi, vaa glavu, na kila ukiosha mikono paka mafuta. Kopo dogo liwe jikoni, si chumbani.

Uso na ndevu

Uso uoshwe mara mbili kwa siku, kwa vidole, kwa sabuni isiyo kali. Kuzidisha hakuondoi chunusi. Chunusi huanzia ndani ya kitundu cha unywele, pale mafuta na chembe zilizokufa zinapoziba mlango. Dawa inayopatikana maduka mengi ya dawa bila cheti ni krimu ya benzoyl peroxide. Anza na ya asilimia 2.5 au 5, paka tabaka jembamba usiku, uso mzima penye chunusi badala ya kudonoa kipele kimoja kimoja. Ikikukausha, ruka siku. Inachukua wiki sita hadi nane kuonyesha matunda, na ina tabia ya kuchujua rangi ya foronya na taulo, basi lalia nyeupe.

Usitumbue. Ngozi nyeusi huweka kumbukumbu: kipele cha siku tano kikitumbuliwa kinaacha doa la miezi. Angalia pia mafuta ya nywele, maana chunusi zinazojipanga kwenye paji la uso mara nyingi zimeshuka kutoka kichwani. Funga nywele usiku, badilisha foronya kila wiki.

Ndimu ina hadithi yake. Wengi huipaka kwapani kukata harufu au usoni kutoa madoa, kisha hutoka. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huiunguza, na hubaki alama nyeusi zaidi ya ile uliyotaka kuitoa. Ndimu ibaki kwenye samaki. Dawa ya meno na kitunguu saumu navyo vinaunguza, hata kama shangazi kaapa.

Kwa wanaume wenye ndevu za kipilipili, vipele vya kidevuni ni nywele zilizonyolewa chini mno, zikajikunja na kurudi kuchoma ngozi. Nyoa kwa mashine, acha kama milimita moja, fuata unywele unakoelekea, na usirudie palepale mara tatu kutafuta ulaini. Kinyozi wako akikuletea ile mashine iliyotoka kwenye kichwa cha mwingine, mwombe aisafishe kwa spiriti mbele yako, au nenda na yako. Kinyozi mzuri hakasiriki. Vipele vya kisogoni vinavyoanza kuwa vigumu visinyolewe tena mpaka daktari avione, kwani huweza kugeuka makovu yanayovimba.

Jua

Mtu mweusi ana kinga ya melanini, na kwetu saratani ya ngozi itokanayo na jua ni nadra. Hiyo haimaanishi jua halifanyi kitu. Kwenye nchi za ikweta mionzi huwa mikali tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na ndiyo inayokoleza madoa ya chunusi, yale ya ujauzito, na vile vivuli vya mashavuni vinavyowasumbua akina mama. Mwenye madoa ambaye hajikingi na jua anapoteza pesa ya krimu. Kinga ya kwanza ni nguo: kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, mtandio, shati la mikono mirefu kwa dereva wa bodaboda. Krimu ya jua yenye SPF 30 au zaidi huja baadaye, na hupakwa kwa wingi: mistari miwili kamili juu ya vidole viwili kwa uso na shingo, ikirudiwa kila saa mbili ukiwa nje. Kama nyeupe inakuacha kama uliyepakwa chokaa, tafuta yenye rangi inayokaribiana na ya ngozi yako. Hizo zina madini ya chuma, na hukinga pia mwanga wa kawaida unaochochea madoa kwenye ngozi nyeusi.

Kwa mwenye ualbino habari ni nyingine kabisa. Kwake jua ni hatari ya kweli, na saratani ya ngozi huwapata wengi wakiwa vijana. Kinga ianze utotoni, kila siku, hata kukiwa na mawingu: mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, kofia, miwani, krimu, na kukaa kivulini saa za mchana. Mwalimu ampange kwenye dawati la mbali na dirisha lenye jua, na gwaride la saa sita mchana asisimamishwe. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na hapo Moshi hutengenezwa krimu ya jua iitwayo Kilisun mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia kwenye kliniki ya ngozi ya mkoa au kwenye chama cha watu wenye ualbino. Kila kidonda au gamba usoni, masikioni au mdomoni lisilopona likaonwe upesi; likiwahiwa, hukatwa na mtu akapona.

Mkorogo

Sasa tuseme lile ambalo mabango ya saluni hayalisemi. Muuzaji huchota krimu kutoka makopo matatu manne, humiminia kichupa cha majimaji, hukoroga kwa kijiti mpaka rangi iwe moja, halafu hukujazia kikopo kisicho na jina. "Asubuhi na usiku, mpenzi. Wiki mbili tu utaniletea rafiki zako." Na kweli wiki mbili zikipita ngozi huwa laini na nyeupe. Ulaini huo ndio mtego, kwa sababu hutoka kwenye steroidi, dawa kali za hospitali ambazo zimepangiwa muda mfupi na eneo dogo.

Zikipakwa mwili mzima kwa miezi, hupunguza unene wa ngozi. Mishipa hujitokeza usoni, michirizi hutokea mapajani na kwenye mikono, chunusi hufumuka, choa huenea bila kuonekana, na jeraha dogo hukawia kupona. Daktari wa upasuaji humjua mtumiaji wa mkorogo anapomshona: uzi hukata ngozi. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa miaka, huweza kuleta weusi wa bluu mashavuni na kwenye vifundo vya vidole ambao karibu haufutiki. Na kuna zebaki. Hiyo hupenya ngozi na kwenda kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Humfikia mtoto tumboni, na humfikia hata yule anayebebwa tu kifuani au kushirikiana taulo na mama yake. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, ulizitaka nchi wanachama kukomesha kufikia mwaka 2020 utengenezaji na biashara ya vipodozi vya kung'arisha vyenye zebaki kupita sehemu moja katika milioni. Bado sabuni na krimu hizo zinavuka mipaka na kuuzwa mitaani.

Zoea kusoma lebo. Geuza kopo, utafute maneno haya kama yalivyochapishwa: hydroquinone, clobetasol, betamethasone, mercury, mercurous chloride, calomel, mercurio. Ukiona mojawapo kwenye kitu kinachouzwa kama kipodozi, kirudishe mezani. Kisicho na orodha ya viambato kabisa, kirudishe haraka zaidi. Tanzania Bara vipodozi vinasimamiwa na TBS, Zanzibar na ZFDA, Kenya na KEBS, na unaweza kuwapelekea taarifa ya bidhaa unayoitilia shaka.

Kama tayari unatumia, usione aibu na usiache kwa kishindo peke yako. Steroidi ikikatwa ghafla uso huweza kuwaka, kuvimba na kujaa vipele, na wengi hurudia mkorogo kwa woga huo. Nenda kliniki ya ngozi upangiwe namna ya kushuka polepole. Sabuni au krimu yenye zebaki, hiyo acha leo hii, na ukaombe kupimwa mkojo na figo. Ngozi yako ya asili itarudi kwa sehemu kubwa, lakini kwa miezi.

Nikiwa bado kwenye mambo ya urembo: piko. Hina ya kweli hutoa rangi ya chungwa inayokolea kuwa kahawia, na inataka saa kadhaa. Ile nyeusi tii ya harusini na ya watalii ufukweni imechanganywa dawa ya kupakia nywele rangi, yenye kemikali iitwayo PPD. Kwa baadhi ya watu hutoa malengelenge yanayofuata ua lote lilivyochorwa, na mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha yote, ikiwemo kwenye nywele. Bibi harusi apakwe hina. Mtoto asipakwe piko kamwe.

Muwasho, na tyubu ya "kila kitu"

"Dokta, nina muwasho hapa." Ndivyo tunavyoanza kaunta ya duka la dawa, huku mkono ukionyesha kwapa au kiuno juu ya nguo. Anayeuza, bila kuona ngozi, hutoa tyubu yenye dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Muwasho hupoa siku ya pili, mteja hushukuru. Kama ilikuwa choa, steroidi imekata muwasho na kuinyamazisha kinga ya mwili, kwa hiyo duara linapoteza umbo na kusambaa kimyakimya. Ukifika kaunta, sema kwa jina: naomba dawa ya fangasi peke yake.

Choa hujulikana kwa duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pakiwa kama pamepona. Paka clotrimazole au terbinafine, kwa siku kama karatasi ya dawa inavyosema, ukivuka ukingo kwa upana wa kidole kimoja. Clotrimazole huendelezwa wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Wengi huacha inapopendeza, kisha hulalamika kwamba dawa ni feki. Mapunye ya kichwani kwa watoto hayaponi kwa krimu, kwa sababu fangasi wako ndani ya unywele; yanahitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari.

Mba wa mwili, yale madoa mepesi au ya kahawia ya kifuani na mgongoni, hutokana na fangasi anayeishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu na kushamiri kwenye joto na mafuta. Hauambukizi wala si uchafu. Shampuu ya ketoconazole au ya selenium sulfide, ikipakwa, ikaachwa dakika chache na kusuuzwa, huuondoa. Rangi hurudi baada ya miezi, basi usiendelee kupaka dawa ukidhani haijafanya kazi.

Upele wa kweli huwasha zaidi usiku, katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri, na mara nyingi mwingine nyumbani anajikuna pia. Hapa kosa la kawaida ni kumtibu mtoto mmoja. Wote wanaolala nyumba hiyo wapake siku moja, hata wasiowashwa, kwa kuwa dalili za mara ya kwanza huchelewa wiki nne hadi sita. Dawa, iwe permethrin au benzyl benzoate, hupakwa kuanzia shingoni hadi unyayoni, chini ya kucha pia, na hurudiwa kama ulivyoelekezwa. Kwa mtoto mchanga au mjamzito, muulize daktari kwanza. Siku hiyohiyo fua shuka na nguo kwa maji ya moto uzianike juani. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko kwa siku nne. Muwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa wadudu wakiwa wameshakufa.

Nguo za mitumba zifue na kuzipiga pasi kabla ya kuvaa. Soksi badilisha kila siku, viatu vya mpira vipumzishe, na chupi ziwe za pamba. Kuhusu chakula sina mengi: matunda na mboga ni vizuri, sukari nyingi kwa baadhi ya watu huchochea chunusi, na kunywa maji kupita kiu hakulainishi ngozi iliyokosa mafuta.

Wakati wa kwenda hospitali

Doa jepesi lisilohisi ukiligusa kwa ncha ya kalamu likaonwe wiki hiyohiyo, kwa kuwa linaweza kuwa ukoma. Dawa yake hutolewa bure na huponya. Kidonda kinachopita mwezi bila kufunga nacho kikaonwe. Angalia nyayo, viganja na kucha: kwa watu weusi saratani ya melanoma hupenda kujificha huko, kama ilivyompata Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Doa jeusi jipya kwenye unyayo linalokua, au mstari mweusi wa ukucha unaopanuka, usisubiri.

La dharura ni hili: umemeza dawa, hasa za salfa, kisha ndani ya siku au wiki chache ngozi inauma, inatoa malengelenge, na mdomo au macho yanachubuka. Acha dawa na uende hospitali kubwa usiku huohuo.

Kwa miadi ya kawaida, siku ya kwenda kliniki usipake mafuta wala poda mahali palipoathirika, na usivae kucha za kubandika. Beba kila tyubu, kikopo na mzizi uliotumia, hata ule usio na jina, ukauweke mezani kwa daktari kabla hajauliza.